Kodi ya Desemba na Siku Kumi za Rajabu

Kazi yangu ni kuhesabu kodi za watu wengine. Nina ofisi ya chumba kimoja Tanga mjini, juu ya duka la vitambaa, na wateja wangu ni kampuni ndogo ndogo: mwenye malori, mwenye nyumba ya wageni, mama mwenye kiwanda cha mikate, na mzee mmoja mwenye kiwanda cha mafuta ya nazi kwenye barabara ya kwenda Pangani. Huyo mzee ndiye ninayetaka kumwandika, yeye na dada yake, kwa sababu mwaka ule nilimpa ushauri sahihi na mpaka leo ushauri huo unanitia aibu.

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu. Marehemu baba yangu, aliyeshuka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge, alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Mteja akiniletea risiti zilizolowa mchuzi ndani ya mfuko wa plastiki, namwambia ukweli wake hapo hapo mlangoni. Mzee wa mafuta peke yake sikuwahi kumgombeza. Risiti zake zilikuja zimefungwa kwa uzi wa makumbi, mwezi kwa mwezi, na kila nikimwambia shikamoo aliitikia marahaba mwanangu kwa upole mpaka nasahau nilichokuja kukidai.

Julai ya mwaka huo alipanda ngazi za ofisi yangu polepole, akakaa, akapata pumzi, kisha akaniambia anataka kununua mashine mpya. Mashine ya kukamua nazi bila kuipika, mafuta yanatoka meupe, harufu yake ile ile ya nazi. Hela aliyokuwa nayo haikutosha, ingebidi benki imkopeshe. Alitaka nimwambie jambo moja: anunue mwaka ule au asubiri mwaka unaofuata.

Swali hilo nalipenda hata leo, na ngoja nilieleze kama nilivyomweleza yeye. Kiwanda kikinunua mashine, sheria inakiruhusu kuondoa sehemu kubwa ya bei yake kwenye faida ya mwaka ule mashine ilipoanza kazi. Faida inapungua, na kodi inapungua nayo. Watu wengi hudhani kodi hiyo wamesamehewa, wakashangilia. Hawajasamehewa kitu. Miaka inayofuata lile punguzo linakuwa dogo, faida inapanda, na kodi inarudi kukaa pale pale. Umeisogeza tu mbele. Unachopata ni muda: hela inabaki mkononi mwako, na shilingi usiyoilipa leo kwenye kodi ni shilingi usiyokwenda kuikopa benki leo. Mzee alikuwa akikopa kila msimu ili anunue nazi. Kwa mtu wa namna hiyo, riba ikiwa juu, kusogeza kodi ni jambo kubwa. Riba ikiwa chini, ni jambo dogo sana.

Mwaka ule riba ilikuwa juu. Ungesema basi anunue haraka, asogeze kodi, tumalize mazungumzo. Lakini riba ile ile angeilipa kwenye mkopo wa mashine, na benki ilitaka kumfunga nayo kwa miaka mitano, ishuke isishuke. Mimi nilikuwa na hakika itashuka. Nilipiga hesabu mara tatu kwa njia tatu, nikamwambia asubiri. Mwakani utakopa kwa bei nafuu, nikamwambia. Kodi utakayoisogeza itakuwa na faida ndogo kuliko ya mwaka huu, lakini ukijumlisha yote utabaki na zaidi mfukoni. Mwaka huu lipa kodi yako yote ulale usingizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mkongojo. Mzee huyo neno riba halimkai mdomoni, dini yake haimruhusu kulipenda. Huiita ile nyongeza, na huitaja kwa sauti ya chini. Siku hiyo hakuuliza lolote juu ya ile nyongeza. Aliuliza swali moja tu: mashine ikiagizwa wiki hii, itafika lini? Nikamwambia Novemba, ikichelewa sana Desemba. Akafikiri kidogo, akasema haya, tuiagize.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilifunga faili kwa kishindo. Mtu anakuja kukuuliza, unakesha na hesabu zake, halafu anafanya kinyume na wala hakupi sababu. Nikajisemea moyoni kwamba uzee umemfikia, nikamwandalia karatasi za benki huku nimenuna.

Sasa lazima niwaeleze habari za dada yake, maana bila yeye hakuna mashine iliyowahi kuwashwa katika kiwanda kile. Wazazi wao walikufa Mzee akiwa mdogo sana. Dada ndiye aliyemlea, kule Pangani, kwa kukuna nazi juu ya mbuzi toka alfajiri, kupika mafuta na kuyauza kwa chupa. Ada ya shule ya mdogo wake ilitoka humo. Mashine ya kwanza kabisa, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilinunuliwa kwa bangili zake. Basi ikawa desturi. Kila mashine iliyoingia kiwandani aliifungua yeye. Anakalia mbuzi mbele yake, anakuna nazi moja kwa mkono wake, ubani unafukizwa, inasomwa Fatiha, ile nazi inatiwa kwenye mashine, na mafuta ya kwanza anayapokea kiganjani akampaka mdogo wake kichwani. Mbele ya wafanyakazi wote, mzee mzima na upara wake, anainama apakwe. Kabla ya hapo mtu haruhusiwi hata kugusa kitufe. Niliwahi kuona mashine ya kufunga vizibo ikikaa wiki mbili ndani ya boksi kwa sababu dada alikuwa na homa.

Mwishoni mwa Agosti mume wa dada alifariki. Tulikwenda wote msibani Pangani, hata mimi nilijifunga leso nikakaa na wanawake. Naye akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani kwake, hajipambi, hajipaki manukato wala mafuta mazuri, na wanaume wasio wa damu yake hawamwoni. Mimi ni Mlutheri, lakini nimekulia Nguvumali katikati ya majirani Waislamu, eda naijua toka utotoni. Au nilidhani naijua.

Siku ya pili yake nilifungua kompyuta nikahesabu. Marehemu alifariki tarehe ishirini na nne Agosti. Miezi minne, tarehe ishirini na nne Desemba. Ongeza siku kumi, tarehe tatu Januari. Mwaka wa hesabu za kampuni unafungwa tarehe thelathini na moja Desemba. Watu wa kodi hawaulizi mashine imefika lini, wanauliza imeanza kazi lini. Siku tatu. Mashine ingefika, ingefungwa, ingekuwa tayari kila kitu, na kwa ajili ya siku tatu punguzo lingehamia mwaka mwingine na kodi yote ingetakiwa Desemba hiyo hiyo.

Nilipompelekea Mzee tarehe yangu aliinamisha kichwa, hakubisha. Huku kwetu hakuna anayemuuliza mjane eda yako inaisha lini. Ni kama kumwambia amalize haraka kumkumbuka mumewe. Mzee alikwenda kumwona dada yake kila Ijumaa na hakuthubutu kumuuliza. Mkewe mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki siku nyingi, nyumbani kwake hakuna mwanamke wa kumsahihisha. Alidhani mimi nimeulizia kwa wanawake wa Pangani. Mimi nilidhani yeye kahakikisha. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na tarehe tatu Januari ikakaa kwenye ukuta wa kiwanda imezungushiwa wino mwekundu.

Mashine ilishushwa Mombasa, ikapita Horohoro, na hapo mpakani ikakaa siku tisa kwa sababu karatasi moja ilikuwa na namba iliyokosewa. Nilikwenda mwenyewe. Nilisema niliyoyasema, na siku ya kumi ikavuka. Ilipofika tarehe kumi na tisa Desemba ilikuwa imefungwa sakafuni, umeme umeunganishwa, imefunikwa turubai. Fundi alisema kilichobaki ni kidole cha kubonyeza.

Wiki hiyo hiyo benki ikaleta barua. Mkopo wa msimu, ule wa kununulia nazi, riba yake imepanda tena. Nilikwenda nayo kiwandani nikamsomea Mzee. Kodi yote ikidaiwa sasa, nikamwambia, tutaikopa, na tutaikopa kwa bei hii mpya. Tukiwasha mashine hata saa moja kabla ya mwaka kwisha, tunaisogeza. Dada aje Januari afungue kwa heshima zote, nani atamwambia? Mashine haijui.

Mzee aliikunja ile barua mara nne. Akasema, “Mwanangu, nitalipa kodi.”

Hasira zilinipanda mpaka machoni. Nikamwomba basi aniruhusu niende Pangani mimi, mwanamke, niingie kwa dada, nimwombe ruhusa yeye mwenyewe. Nilikuwa na hakika atasema washeni tu wanangu, na hapo Mzee asingekuwa na la kusema. Alisita sana. Mwishowe akakubali kwa masharti mawili: nisimharakishe, na nisimtajie habari za kodi. Nikaitikia yote mawili huku nikijua la pili sitaliweza.

Nilikwenda siku ya pili ya Krismasi. Mama yangu alikuwa ameshusha plamu kutoka Lushoto kwa ajili ya sikukuu, nikachukua sahani moja nikaifunika kwa kitambaa. Nyumba ya dada iko karibu na mto, unasikia injini ya pantoni ikivuka na kurudi. Mwanamke mmoja wa nyumbani alinielekeza chumba cha ndani, nikavua viatu, nikaingia. Dada alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha, gauni jeupe lisilo na nakshi, uso mkavu wa mtu aliyekaa miezi bila mafuta. Nikasimama mbele yake kabisa, mwanga wote usoni mwangu, nikasema shikamoo bibi.

“Marahaba,” akasema. “Nani wewe?”

Nikajitaja, yule wa mahesabu. Akacheka, akanikaribisha, akaniuliza habari za mama na za sikukuu. Nikaweka sahani mbele yake nikaondoa kitambaa. Alinyoosha mkono, ukapapasa mkeka kwanza, ukafika ukingo wa sahani, ukachukua tunda moja. Akaligeuza vidoleni, akasema nyanya za mwaka huu mbona ndogo. Nikamwambia ni plamu, bibi, plamu za Lushoto. Plamu nyekundu iliyoiva, dirisha liko wazi. Akalirudisha sahanini.

Akanieleza yeye mwenyewe, bila mimi kuuliza, kama mtu anayeeleza habari za paa linalovuja. Macho yana presha. Yalianza kuliwa pembeni miaka miwili nyuma, na sasa linalobaki katikati ni dogo, anachungulia dunia kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki hajui kitakaa mpaka lini. Matone anatia kila siku. Hataki watu wajue, watu wakijua watamnyang'anya kisu na jiko.

Nikamuuliza kama mdogo wake anajua.

“Kanipeleka yeye kwa daktari,” akasema. “Mwezi wa sita. Tumerudi, wiki ya pili akaanza wazimu wake wa mashine.”

Nilikaa pale nikiangalia mikono yangu. Nililikumbuka lile swali moja la Julai, itafika lini, na faili nililolifunga kwa kishindo. Mzee hakuwa akinunua mashine ya mwaka wenye riba nzuri. Alikuwa akinunua mashine ambayo dada yake angeiona. Mimi nilikuwa nimemwambia asubiri mwaka mmoja, nikamwonyesha kwa kalamu faida ya kusubiri.

Dada akaniuliza nini kimenitoa nyumbani siku ya sikukuu. Nikamwambia yote. Kodi, benki, barua iliyopanda, tarehe thelathini na moja. Alisikiliza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Akauliza hiyo kodi mkiisogeza inakufa? Nikasema haifi, bibi, mwakani inarudi. Akatikisa kichwa, akasema alikuwa akifanya hivyo hivyo na mwenye duka la mafuta ya taa, ila yeye hakuwa na ofisi. Nikacheka. Kisha nikasema nililokuja kusema, ila sasa lilitoka kinyume na nilivyolipanga. Nikamwambia hatutawasha bila yeye, kodi italipwa, ila nasikitika kwamba tumekosa kwa siku tatu tu, kwa kuwa eda yake inaisha tarehe tatu Januari.

“Nani kakuhesabia?”

Nikasema nimehesabu mwenyewe.

“Kwa miezi ya nani?”

Nikamwambia ya kalenda, bibi. Akageuza uso wake kwangu, akanitafuta kwa lile tundu lake mpaka akanipata. Akavuta pindo la leso iliyokuwa kando yake, akaniwekea mkononi. Lilikuwa na mafundo manne. Akayapitia kwa kidole gumba, moja moja.

“Mfungo Sita, ndio ulioandama siku aliyokufa mume wangu. Mfungo Saba. Mfungo Nane. Mfungo Tisa. Halafu siku kumi za Rajabu.” Akasukuma kikombe cha bati kikanigusa goti. “Hesabu kokwa hizo. Magharibi ya leo natia ya sita.”

Zilikuwa kokwa tano za tende. Nilizihesabu mara mbili, mimi mwenye shahada na mhuri. Tano, na ya sita jioni ile. Zikibaki nne, eda inaisha magharibi ya tarehe thelathini. Tarehe thelathini na moja asubuhi ni mtu huru. Miezi ya mwandamo ni mifupi kuliko ya kalenda, jambo analolijua kila jirani yangu wa Nguvumali anayefunga Ramadhani, jambo ninaloliona kila mwaka Idi ikirudi nyuma kwenye kalenda yangu mwenyewe. Na miezi minne nzima sikumuuliza hata mmoja.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya kodi, nataka hilo lieleweke. Nililia kwa sababu siku saba nyuma nilisema mashine haijui. Dada alidhani nalia kwa furaha ya hesabu, akanipapasa bega, akasema wewe na kalenda yako, mngenifungia ndani na eda imeshakwisha. Alicheka kwa sauti, na yule mwanamke wa nyumbani akaja mlangoni kuangalia kuna nini.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono. Akaniambia nisimwambie mdogo wake kwamba nimejua habari za macho, amezoea kuibeba peke yake. Kisha akaniomba kitu kimoja, kwa aibu kidogo.

“Pale mashine ilipo pana giza? Niwekeni penye jua.”

Nilirudi Tanga nikaenda moja kwa moja kiwandani. Nikamwambia Mzee kwamba hesabu ilikuwa yangu na kosa langu, dada anatoka tarehe thelathini magharibi. Alikaa chini juu ya gunia la nazi. Alisema alhamdulillahi mara tatu, na hakunilaumu hata kwa jicho. Siku mbili zilizofuata nilimsumbua fundi kuliko nilivyowasumbua watu wa Horohoro. Nilimfanya ageuze mashine nzima, bomba la kutolea mafuta litazame mlango wa mashariki. Alitaka kujua kwa nini mhasibu anaingilia kazi yake, nikamwambia ni mambo ya kodi, akageuza. Nilikaa kwenye mlango ule asubuhi moja na saa yangu. Jua huingia mpaka pale penye bomba saa mbili na nusu, na hukaa muda mfupi tu kabla halijapanda juu ya bati.

Tarehe thelathini na moja Desemba dada aliletwa kwa gari mapema. Alikuwa amevaa leso mpya na baibui lililonyooshwa. Mdogo wake alimshika mkono kutoka garini na hakuuachia, na wafanyakazi walidhani ni kwa ajili ya msiba. Akakaa juu ya mbuzi, akapewa nazi iliyovunjwa, akaikuna kwa kasi ya mtu asiyehitaji macho kwa kazi hiyo. Ubani ukafukizwa, wakasoma Fatiha, nami nikainamisha kichwa nikasali ya kwangu. Mzee akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikatulia, na baada ya muda bombani pakatoka uzi mwembamba wa mafuta, jua likiwa hapo hapo.

Dada akakinga kiganja. Akakiinua mpaka karibu na pua, akageuza kichwa kushoto, kulia kidogo, akitafuta. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa karatasi kifuani kwa mikono yote miwili.

“Meupe,” akasema. “Meupe kweli.”

Alimpaka mdogo wake upara wote, mpaka masikioni. Kisha Mzee akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye desturi. Akachukua mafuta kidogo kwa vidole vyake, akamshika dada mikono, akampaka viganja, viwiko, ngozi iliyokaa miezi minne na siku kumi bila mafuta. Alimpaka polepole, hakuwa na haraka na mtu. Mimi nikaandika kwenye fomu ya uzalishaji tarehe, saa na lita, kwa sababu lazima mtu aandike. Fomu hiyo iko kwenye faili la kodi mpaka leo na mwandiko wake si wangu wa kawaida.

Mwaka uliofuata riba zikashuka. Zilishuka kama nilivyosema, na wakati nilioutaja. Wenzake Mzee walikopa kwa bei nzuri, yeye akabaki amefungwa kwenye ile ya zamani. Lile punguzo la kodi likawa dogo kama ilivyo kawaida yake, faida ikapanda, na kodi tuliyoisogeza ikaanza kurudi. Nami sikuweza kujizuia. Nilitengeneza karatasi yenye safu mbili, tulichofanya na kile ambacho tungefanya tungesubiri. Safu ya pili ilishinda. Kusogeza kwetu kote kulituachia hela ya kununulia magunia kadhaa ya nazi, basi, na ile nyongeza ya mkopo iliila hiyo na zaidi. Kwenye karatasi nilikuwa sahihi.

Desemba nilikwenda kiwandani na makadirio ya kodi ili Mzee asaini, na ile karatasi yangu nikaiweka chini yake. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka mtu mmoja duniani ajue kwamba hesabu zangu zilikuwa nzuri. Dada sasa anaishi Tanga na mdogo wake, na asubuhi zote hukaa kwenye kiti pale mlango wa mashariki. Macho yalimalizika wakati wa mvua za masika. Hujua kwa sauti ya mashine kama nazi zimelowa, na wafanyakazi huja kumuuliza kabla ya kumuuliza fundi.

Mzee alishika karatasi, akatafuta miwani yake. Nikaanza kusema kwamba riba sasa zimeshuka, na kama mwaka ule tungalikuwa tume... nikaishia hapo. Nikaivuta ile ya chini nikaikunja ndani ya pochi.

Dada alisikia karatasi. Akauliza ni barua gani hiyo inayomnyamazisha mhasibu.

Nikamwambia, “Ni kodi, bibi. Ile tuliyoisogeza. Imerudi.”

Alikuwa ameelekeza uso wake mlangoni, jua limemjaa mashavuni, mikono imelala mapajani ikimeremeta mafuta.

“Ilipeni,” akasema. “Mie nilishayaona.”